Sikio linalotoa sauti: uchambuzi wa kisa cha Thomas Gold, 1948 hadi 1978

Mwaka 1948 jarida la Royal Society ya Uingereza lilichapisha makala mbili kuhusu usikivu. Ya kwanza iliandikwa na Thomas Gold pamoja na Richard Pumphrey. Ya pili Gold aliiandika peke yake. Katika hiyo ya pili kulikuwa na dai ambalo wataalamu wengi wa wakati ule hawakujua walifanyie nini. Gold alidai kwamba sikio la ndani si chombo cha kupokea tu. Lina nguvu yake lenyewe inayosukuma mitetemo ya sauti, na nguvu hiyo ikizidi kipimo, sikio litaanza kuvuma lenyewe. Ukiweka maikrofoni nyeti kwenye tundu la sikio, kwa hesabu zake, huenda ukainasa sauti hiyo.

Dai likawekwa kando kwa miaka 30. Mwaka 1978 David Kemp, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi hospitalini London, alichapisha rekodi za sauti zinazotoka ndani ya masikio mazima ya binadamu. Leo kipimo kilichozaliwa na ugunduzi huo hufanyiwa watoto wachanga katika nchi nyingi kabla hawajatoka hospitali.

Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya kijana mwerevu aliyedharauliwa na wakubwa wa fani. Simulizi hiyo ni tamu, lakini inaficha kilicho cha maana zaidi. Waliokataa wazo la Gold walikuwa na vipimo mikononi, tena vipimo vilivyofanywa kwa ustadi wa hali ya juu. Yeye alikuwa na hoja, na jaribio moja ambalo baadaye lilikutwa na kasoro. Ninachotaka kukichambua ni namna vipimo vizuri vilivyoizuia fani nzima isione kitu kilichokuwa kikitendeka ndani ya kila sikio zima.

Kilichoonekana chini ya hadubini

Koklea, chombo cha usikivu kilicho kwenye sikio la ndani, ni mrija uliojikunja kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Ungenyooshwa, urefu wake ungekuwa takriban milimita 35. Ndani umejaa majimaji, na katikati yake umepita utando wa basila, mwembamba na mkakamavu upande wa mlangoni, mpana na mlegevu kuelekea kileleni. Katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz alifikiri nyuzi za utando huo hufanya kazi kama nyuzi za piano, kila moja na sauti yake: ikija sauti fulani, uzi wake huitikia na mingine hutulia.

Aliyeamua kwenda kuangalia kwa macho ni Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest, aliyekuwa mhandisi katika maabara ya simu ya posta ya Hungaria. Kazi yake ilikuwa kujua sehemu ipi ya mtandao wa simu inafaa kuboreshwa, na hilo likamfikisha kwenye chombo cha mwisho wa waya, yaani sikio la msikilizaji. Alichukua koklea za maiti, akazitoboa na kuziparua zikiwa ndani ya maji ili zisikauke, akanyunyizia chembe ndogo sana za fedha ili apate kitu cha kutazama, kisha akawasha taa ya kumwekamweka iliyokwenda sambamba na mtetemo. Kwa mwanga huo mtetemo wa kasi huonekana kama unakwenda polepole.

Aliona wimbi. Lilianza mlangoni mwa koklea, likasafiri kwenye utando, likakua hadi kilele chake, kisha likafifia ghafla. Sauti nyembamba zilifikia kilele karibu na mlango, nzito zikaenda mbali zaidi. Hakuna nyuzi za piano. Kwa kazi hiyo Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, na hakuna anayedai leo kwamba hakustahili. Wimbi lile lipo kweli hata katika masikio yaliyo hai.

Tatizo lilikuwa kwenye umbo la kilele. Wimbi la Békésy lilikuwa pana na butu. Sauti mbili zilizokaribiana zingetikisa karibu sehemu ileile ya utando, ilhali msikilizaji wa kawaida hutofautisha sauti zinazopishana kidogo sana. Pia ili aone chochote chini ya hadubini, Békésy alilazimika kutumia sauti kali mno, za desibeli 130 hivi na kuendelea, kiwango kinachomuumiza mtu aliye hai. Kutoka hapo alishuka kwa hesabu: sauti ikipungua mara kumi, mtetemo nao upungue mara kumi. Ukishuka hivyo mpaka sauti ndogo kabisa ambayo mtu anaweza kuisikia, unafika kwenye mtetemo mdogo kuliko atomu moja, mdogo kiasi cha kutia shaka kama seli yoyote ingeweza kuuhisi.

Hapo palikuwa na dhana mbili ambazo hazikusemwa kwa sauti. Ya kwanza, kwamba koklea ya maiti hutetema kama ya mtu aliye hai. Ya pili, kwamba mtetemo hupanda na kushuka kwa uwiano uleule katika viwango vyote vya sauti. Zote mbili ni dhana ambazo mhandisi wa simu angezichukua bila kusita, kwa sababu waya na bomba havifi.

Mtu wa rada aingia kwenye masikio

Gold alizaliwa Vienna mwaka 1920. Vita vilipoanza alikuwa mwanafunzi Cambridge, akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, kisha akaachiwa na kupelekwa kwenye utafiti wa rada wa jeshi la majini la Uingereza, pamoja na Hermann Bondi na Fred Hoyle. Vita vilipokwisha alirudi Cambridge na kushirikiana na Pumphrey, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa akichunguza usikivu. Gold hakuwa daktari, wala hakuwahi kusomea fiziolojia. Alichokijua vizuri ni jinsi ya kunasa ishara dhaifu katikati ya vurumai.

Hoja yake ilikuwa ya kifizikia, tena nyepesi kuifuata. Fikiria bembea iliyozamishwa ndani ya maji. Ukiisukuma mara moja, maji yataizuia na itasimama karibu papo hapo. Haitaendelea kwenda na kurudi. Utando wa koklea ni mwembamba na umezungukwa na majimaji. Kwa hiyo hauwezi kuendelea kutetema kwa muda, na kitu kisichoendelea kutetema hakiwezi kuchagua sauti moja kwa ukali na kuiacha jirani yake. Njia pekee ya kuifanya bembea iendelee majini ni mtu awepo wa kuisukuma kila inaporudi, kwa wakati wake hasa. Gold akasema mtu huyo yumo ndani ya koklea.

Mfano aliouchukua ulitoka kwenye redio. Zilikuwepo redio zilizochukua sehemu ya ishara iliyokwisha kukuzwa na kuirudisha mwanzoni ili ikuzwe tena. Kwa njia hiyo redio yenye vifaa vichache ilipata usikivu mkubwa na kuchagua stesheni kwa ukali. Gharama yake ilijulikana kwa kila aliyewahi kuishika: ukizidisha marejesho hayo kidogo tu, redio yenyewe inaanza kupiga mluzi. Ndipo utabiri wa sikio linalovuma ulipotoka. Gold hata alikuwa na kitu cha kukinyooshea kidole. Mwaka 1930 Ernest Wever na Charles Bray walikuwa wamenasa umeme kutoka sikio la paka unaofuata umbo la sauti inayoingia. Kwa Gold, umeme huo ulifanana na sehemu ya mzunguko wa marejesho: mtetemo huzaa umeme, na umeme huo huzaa mtetemo.

Jaribio alilofanya na Pumphrey linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndilo watu wengi huliruka. Msikilizaji aliwekewa mfululizo wa milio mifupi ya sauti moja, kila mlio ukifuatwa na kimya kifupi. Katika mfululizo wa kwanza kila mlio ulianza pale ambapo mtetemo wa mlio uliotangulia ungekuwa umefika kama usingekatwa. Katika wa pili, kila mlio uligeuzwa kichwa chini kinyume cha uliotangulia: palipopaswa kuwa na kilele cha wimbi pakawa na bonde. Kama kuna kitu ndani ya sikio kinachoendelea kutetema wakati wa kimya, mlio uliogeuzwa utakuja kupambana nacho na msikilizaji atasikia tofauti. Kama vyote vimeshatulia, mifululizo hiyo itasikika sawa. Basi kimya kikaendelea kurefushwa mpaka tofauti ilipopotea, na kutokana na urefu huo wakakadiria muda wa kutetema. Ulikuwa mrefu mno kwa kitu kisichosukumwa ndani ya majimaji.

Jaribio zuri, na lina tundu. Ukigeuza kila mlio wa pili, hubadilishi tu pambano la ndani ya sikio. Unabadilisha pia mpangilio wa masafa, yaani kasi za mitetemo, ya mfululizo mzima. Msikilizaji anaweza kutambua tofauti hiyo hata kama hakuna kinachotetema wakati wa kimya. Watafiti waliorudia jaribio hilo miongo miwili na zaidi baadaye walilionyesha hilo. Gold alifika kwenye jibu lililokuja kuthibitika akiwa ameshika ushahidi usioweza kulibeba.

Alijaribu pia kutafuta sauti yenyewe kwa maikrofoni sikioni. Hakupata. Akaacha masikio, akaenda kwenye anga, na huko alikuwa na bahati mchanganyiko: mwaka 1968 alieleza kwamba palsa ni nyota za nyutroni zinazozunguka, akawa sahihi, lakini nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, aliyoitoa pamoja na Bondi mwaka huohuo wa 1948, haikudumu.

Kwa nini hakuamini mtu

Mtu akisoma kisa hiki leo hujiuliza wale waliokuwa na hadubini walikuwa wapi. Lakini jiweke mahali pao. Upande mmoja yupo Békésy na wimbi ambalo mtu yeyote angeweza kwenda kulitazama. Upande wa pili yupo mhandisi wa rada anayesema kuna kifaa cha kukuza sauti mahali ambapo hakuna aliyekiona, hakijulikani kimetengenezwa kwa seli zipi, na mlio alioutabiri ameutafuta akaukosa. Mimi ningekuwa mhakiki wa mwaka 1950 ningesimama na Békésy, na nadhani wasomaji wengi wa makala hii wangefanya hivyo pia.

Kosa lilikuja baadaye, ushahidi ulipoanza kugongana. Katika miaka ya 1960 watafiti kama Nelson Kiang walipima nyuzi mojamoja za neva ya usikivu katika paka walio hai. Kila uzi ulichagua masafa yake kwa ukali mkubwa, ukali usiofanana hata kidogo na wimbi butu la Békésy. Badala ya kuuliza kama wimbi lilipimwa katika hali sahihi, wengi walibuni kichujio cha pili: utando hufanya uchaguzi wa kwanza ulio butu, kisha kitu kingine kati ya utando na neva hunoa. Kichujio hicho kilitafutwa kwa miaka. Dalili ilikuwepo njiani, kwani kazi za Edward Evans zilionyesha kwamba ukali wa neva hupotea mnyama akikosa oksijeni ya kutosha. Uchaguzi unaohitaji oksijeni ni uchaguzi unaokula nguvu, na koklea ya maiti haina pa kuipata.

Mwaka 1971 William Rhode alipima mtetemo wa utando katika nyani wadogo walio hai. Aliweka juu ya utando kipande kidogo sana cha madini chenye mionzi ya gama. Utando unapotikisika, masafa ya mionzi hiyo husogea kidogo, na kutokana na msogeo huo kasi ya utando hupatikana. Matokeo yake yalivunja dhana zote mbili za kimyakimya. Kwenye masafa ya kilele utando haukufuata uwiano: sauti ndogo zilikuzwa sana, kubwa zikakuzwa kidogo. Na mnyama alipokufa, tabia hiyo ilitoweka.

Hapo kesi ingeweza kufungwa, ila haikufungwa. Maabara nyingine zilipopima wanyama wengine hazikuona alichoona Rhode. Kufungua koklea bila kuijeruhi ni kazi ngumu mno, na koklea iliyojeruhiwa hufanana na iliyokufa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1982 ndipo makundi mawili tofauti yakapata vipimo safi vilivyokubaliana naye. Kwa miaka kumi na moja, kila aliyeharibu sikio alilolipima alipata jibu lililomuunga mkono Békésy.

Mwangwi wa Kemp

Kemp hakufungua koklea ya mtu. Alikuwa amevutiwa na jambo dogo: ukipima uwezo wa mtu kusikia sauti dhaifu kwa hatua ndogondogo za masafa, huoni mstari laini bali mabonde na vilima, na watu wengine huripoti sauti dhaifu zikibadilika ladha katika sehemu hizo. Mwanafizikia akiona vilima vya namna hiyo hufikiria mawimbi yanayorudi na kukutana na yanayokwenda. Kama kuna kinachorudi, basi kinaweza kunaswa.

Kifaa kilikuwa rahisi: kipande kinachoziba tundu la sikio, chenye spika ndogo na maikrofoni ndogo ndani yake. Spika inatoa mlio mfupi kama kubofya. Maikrofoni kwanza inanasa mlio huo wenyewe ukizunguka kwenye tundu la sikio, na hiyo ni takataka. Kemp alitazama kilichobaki baada ya milisekunde tano hivi, wakati tundu limeshatulia, akarudia mbofyo mara nyingi na kujumlisha rekodi. Kelele za nasibu hujifuta katika kujumlisha. Kinachojirudia kwa wakati uleule hubaki. Kilibaki kitu: mwangwi dhaifu, uliodumu milisekunde kadhaa.

Mhakiki yeyote angesema ni mwangwi wa kifaa. Kemp alikuwa ameshajibu. Ukiweka kifaa kwenye tundu bandia, mwangwi haupo. Kwa watu ambao koklea zao zimeharibika, haupo. Ukipunguza mbofyo kwa nusu, mwangwi haupungui kwa nusu, tabia ileile aliyoiona Rhode kwenye nyani. Na mwangwi unachelewa mno kuwa ni sauti iliyogonga kiwambo cha sikio na kurudi. Muda huo ni wa wimbi lililosafiri ndani ya koklea, likasukumwa, likarejea. Muda si mrefu ikaonekana pia kwamba masikio mengi mazima hutoa sauti dhaifu mfululizo, bila mbofyo wowote. Hizo ndizo alizozitafuta Gold. Kwa maoni yangu alichokosa ni namna ya kutenganisha, kwa muda, sauti inayoingia na inayotoka, na mashine ya kujumlisha rekodi mia kadhaa.

Utabiri wake haukutimia wote. Alifikiri mlio huo ndio unaowasumbua watu wanaosikia kuvuma masikioni. Kwa kawaida sivyo. Mwenye sikio linalotoa sauti mara nyingi haisikii, na mwenye kuvuma masikioni mara nyingi ana koklea iliyopungua nguvu, si iliyozidisha.

Anayesukuma bembea alipatikana mwaka 1985. William Brownell na wenzake waliitenga seli nywele ya nje, moja ya aina mbili za seli zenye vinywele zilizo kwenye koklea, wakaipitishia umeme, ikawa fupi na ndefu chini ya hadubini, ikifuata umeme huo. Binadamu ana seli hizo zipatazo 12,000 katika kila koklea, ilhali za ndani ni 3,500 tu. Ilikuwa imeshajulikana kwamba karibu nyuzi zote zinazopeleka habari kwenye ubongo, yapata asilimia 95, zinatoka kwenye zile chache za ndani, na kazi ya zile nyingi za nje ilikuwa kitendawili. Mwaka 2000 maabara ya Peter Dallos, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, iliitambua protini inayoziwezesha kujinyoosha na kujikunja: prestini. Panya wasio nayo hupoteza usikivu wa desibeli 40 hadi 60. Desibeli 60 ni mtetemo mara elfu moja.

Umeme unazaa mwendo, mwendo unazaa umeme. Mzunguko wa Gold ulikuwa hivyohivyo, ingawa ubishi haujaisha kuhusu sehemu nyingine za seli. Mijusi na vyura hawana seli nywele za nje kama zetu, na masikio yao hutoa sauti vilevile; kwao msukumo unaaminika kutoka kwenye vishungi vya nywele vilivyo juu ya seli. Kiasi gani cha njia hiyo kimebaki kwa mamalia bado kinajadiliwa.

Kwa mtoto mchanga anayelala, kipimo cha Kemp huchukua dakika chache kwa kila sikio na hakihitaji ajibu lolote. Kinapima seli za nje na njia ya kwenda na kurudi, basi. Majimaji yaliyobaki kwenye sikio siku za kwanza yanaweza kuficha mwangwi wa koklea nzima, na mtoto akarudishwa kupimwa tena bila ubaya wowote. La hatari zaidi ni kinyume chake: seli za nje zinasukuma vizuri, mwangwi unarudi, lakini seli za ndani au neva havifikishi ujumbe. Mtoto huyo atapita kipimo na hasikii inavyopaswa. Hali hiyo huwapata zaidi watoto waliohitaji uangalizi maalumu baada ya kuzaliwa, na ndiyo sababu wao hubandikwa vihisishi kichwani na kupimwa umeme wa neva na shina la ubongo, mwangwi uwepo au usiwepo.